Uzi: Kiodia, lugha ya watu milioni 37 iliyowahi kuambiwa si lugha

#1 Mtoro wa Ubungo

Wakuu salaam.

Kabla sijapanda ndege kwenda kusoma India nilijua kitu kimoja tu kuhusu lugha zao: wanaongea Kihindi. Nikakariri maneno mawili matatu kwenye simu, nikajiona nimeiva. Nikatua Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo la Odisha, pwani ya mashariki. Siku ya pili nikaenda sokoni kununua nyanya, nikatoa Kihindi changu cha kuunga. Mama muuza akanijibu maneno ambayo sikushika hata moja.

Kijana wa hapohapo niliyekaa naye bweni moja alicheka mpaka akachuchumaa. Akatoa noti ya rupia 100, akaigeuza nyuma. Kuna kibao kidogo pale chenye mistari 15, kila mstari lugha yake, yote inataja thamani ya noti ileile. Akaweka kidole mstari wa 10, akasema huo ndio wetu.

Mstari wenyewe ni mviringo mtupu, kama mtu kachora mayai halafu akayatilia mikia. Hiyo ndiyo Kiodia, vitabu vya zamani vinaiita Kioriya. Nimekaa kule miaka minne, na lugha hii ina kisa ambacho nadhani sisi tunaoongea Kiswahili tutakielewa haraka kuliko watu wengi. Nitashusha kidogokidogo, nipo kwenye daladala.

#2 Nyanda wa Mwanza

Nimeweka kiti. Shusha mkuu.

#3 Kaptula ya Mkoloni

Kwa hiyo ni kabila la huko au ni lugha kweli? Maana India lahaja ni nyingi.

#4 Mtoro wa Ubungo

@Kaptula ya Mkoloni hilo swali lako tunza, nitalirudia. Mwaka 1870 kuna mtu aliliandikia kijitabu kizima.

Kwanza tuijue. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu milioni 37.5 wanaosema ni lugha yao ya kwanza. Wengi mno wako Odisha. Wengine wamemwagika majimbo ya jirani: West Bengal, Jharkhand, Chhattisgarh, Andhra Pradesh. Halafu kuna Surat, mji wa viwanda vya nguo kule Gujarat, upande wa pili kabisa wa nchi, ambako malaki ya vijana kutoka wilaya ya Ganjam wanaendesha mashine za kufuma. Ukipita mitaa yao unasikia Kiodia kuliko Kigujarati.

Kiukoo ni ndugu wa Kibengali na Kiassam. Kihindi ni binamu wa mbali zaidi. Na majirani zake upande wa kusini na milimani ni watu wa koo nyingine kabisa: Kitelugu, Kikui, Kisora, Kisantali. Ni kama Kirangi na Kisandawe pale Kondoa, mnakunywa maji kisima kimoja lakini lugha hazijuani.

Sasa jina. Kwa nini Oriya na Odia? Katikati kuna sauti moja ambayo unakunja ncha ya ulimi hadi kwenye kaakaa halafu unaipiga mbele. Haiko d wala r, iko katikati. Waingereza waliisikia r wakaandika Oriya na Orissa. Bunge la India lilipitisha mabadiliko ya yote mawili, na Novemba 2011 yakaanza rasmi, jimbo likawa Odisha, lugha ikawa Odia.

Msiwacheke Waingereza lakini. Sisi tulifanya vilevile. Neno letu "gari" lilikuja na Wahindi, na kwa Kiodia gari ni "gadi", hiyo d yake ni sauti ileile ya kukunja ulimi. Masikio ya pwani yetu nayo yalisikia r.

#5 Bint Likoni

Haya sasa leo nimejua gari limetoka wapi 😂 Na embe je? Babu yangu alikuwa na duka jirani na Wahindi, walikuwa wakisema amba.

#6 Mtoro wa Ubungo

@Bint Likoni embe kwa Kiodia ni "amba". Pesa ni "paisa". Chai ni "cha", na huko kwenu kuna wazee wanaosema hivyohivyo. Maneno haya yametapakaa lugha nyingi za India, kwa hiyo sisemi Waodia ndio waliotuletea. Waliokuja kwetu kwa wingi walikuwa watu wa Gujarat na Kutch, upande unaotutazama.

Waodia bahari yao ni ile nyingine. Kuna sherehe Cuttack kila mwaka, mwezi mpevu wa Kartik, Oktoba au Novemba, inaitwa Bali Jatra, yaani safari ya Bali. Alfajiri watu wanashuka mtoni na vimashua vya karatasi, vya kork na vya migomba, wanaweka taa ndani wanavisukuma majini, kuwakumbuka wafanyabiashara wao wa zamani waliofuata pepo kwenda Bali, Java na Sumatra. Mtu wa Lamu akiiona haulizi maana yake.

#7 Mwalimu Mstaafu

Tueleze hizo herufi, kijana. Kwa nini za mviringo wakati za Kihindi zina mstari juu?

#8 Mtoro wa Ubungo

Shikamoo mwalimu. Hapo ndipo patamu.

Karatasi ilikuwa haba, waliandika kwenye majani ya mvumo wa kule, yale mapana yenye mikunjo. Linakatwa, linakaushwa, linanyooshwa. Kalamu ni chuma chenye ncha kama msumari, na wino haupo. Unachora kwa kukwaruza, jani ukilishika mkono wa kushoto na kulisukuma kwa kidole gumba. Ukimaliza unapaka masizi au utomvu wa majani, unafuta, weusi unabaki kwenye mikwaruzo.

Sasa jani lina nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Ukichora mstari mnyoofu kufuata nyuzi, jani linapasuka. Ule mstari wa juu wa Kihindi ungelichana jani kutoka mwanzo hadi mwisho. Basi waandishi wakaupinda. Paa la kila herufi likawa upinde. Watu wa Kusini, Wakannada na Watelugu na Wamalayali, nao waliandikia majani, na herufi zao nazo zimeviringana.

Makumbusho ya jimbo pale Bhubaneswar ina makumi ya maelfu ya hati hizi. Nimeingia mara tatu. Kuna zilizochongwa vipande vidogo vikatungwa uzi kama shanga. Mara ya tatu mlinzi aliniuliza kama nimeajiriwa.

#9 Nyanda wa Mwanza

"Kama nimeajiriwa" 😂😂

#10 Mzalendo Asiyelala

Samahani mkuu, hii inatusaidia nini Mtanzania wa kawaida? Unga umepanda.

#11 Mtoro wa Ubungo

@Mzalendo Asiyelala haishushi bei ya unga kaka. Jukwaa la uchumi liko juu hapo.

Tuendelee. Umri wa lugha. Pale Dhauli, nje kidogo ya Bhubaneswar, kuna mwamba wenye maandishi ya mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, baada ya vita vyake vya Kalinga, ambalo ni jina la kale la nchi hiyo. Upande mwingine wa mji, kwenye mapango ya Udayagiri, kuna mistari 17 ya mfalme Kharavela. Waodia wanajivunia sana mawe hayo, ila lugha iliyomo ni Kiprakriti, bibi wa lugha hizi zote. Maandishi ya mwanzo ambayo unaweza kusema hiki sasa ni Kiodia ni ya jiwe la Urajam, mwaka 1051.

Halafu kuna mashairi ya Kibuddha yaliyogunduliwa Nepal mwaka 1907, yanaitwa Charyapada. Msiyataje mbele ya Mbengali na Modia waliokaa meza moja. Wabengali wanasema ni ya kwao, Waassam vilevile, Wamaithili vilevile, Waodia nao vilevile. Ni ya zamani kiasi kwamba hao wote walikuwa bado hawajagawana nyumba.

Mtu anayehesabiwa baba wa fasihi yao ni Sarala Das, karne ya 15, enzi za mfalme Kapilendra Deva. Mkulima, wa tabaka la chini, hakuwa padri wala mwanachuoni wa Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao. Akakaa akatunga Mahabharata nzima, ule utenzi mkuu wa vita wa Wahindu, kwa lugha ya shambani kwake. Na hakutafsiri, alipika upya: anakata asichokipenda, anaongeza visa vyake, mashujaa wanapita kwenye mito na vijiji vya Odisha.

Karne iliyofuata akaja Jagannath Das wa Puri. Inasimuliwa kwamba mama yake alitamani kusikia Bhagavata, kitabu cha dini cha visa vya mungu Krishna, ila kitabu ni cha Kisanskriti, hakielewi. Mwana akamtungia kwa Kiodia, mistari ya silabi 9, myepesi kukariri. Mapadri wakamdhihaki. Lakini kitabu kikaenea kila kijiji, watu wakajenga vibanda maalumu, "bhagabata tungi", vya kukaa jioni kukisikiliza. Wakulima wasioingia shule walijifunza kusoma kwa ajili hiyo. Nikisoma hapo nawaza utenzi wa Mwana Kupona, mtu anaandika kwa ajili ya mmoja wa nyumbani, mama au binti, na kazi inawapita wote wawili.

#12 Bint Likoni

Umenigusa na Mwana Kupona, wallahi.

#13 Kaptula ya Mkoloni

Bado nasubiri jibu la swali langu.

#14 Mtoro wa Ubungo

Haya, kaa vizuri.

Waingereza waliichukua Cuttack mwaka 1803. Utawala wa Odisha wakauendesha kutoka Kolkata, na makarani wakawaleta kutoka Bengal, maana Wabengali walishaingia shule za Kiingereza miaka mingi kabla. Mashamba ya mabwana wa Odisha walioshindwa kodi yalinadiwa hukohuko Kolkata, yakanunuliwa na watu wa huko. Kwa hiyo karani Mbengali, mwalimu Mbengali, bwana shamba Mbengali. Na wala sisemi walikuwa watu wabaya, wengine walijenga magazeti na shule. Lakini karani ana mtoto, ana mpwa, na wao wanataka kazi. Kiodia kikiwa lugha ya shule, mpwa hapati kazi ya ualimu.

Mwaka 1866 ikaja njaa. Mvua ilikatika mapema mwaka uliotangulia, maofisa wakaamini mchele upo umefichwa, walipotambua haupo msimu wa pepo ulikuwa umefunga bandari. Wakafa watu wapatao milioni 1. Wenyewe wanaiita njaa ya "na-anka", yaani ya mwaka wa 9 wa mfalme wa Puri. Na mwaka wa 9 maana yake ni wa 7! Hesabu yao ya miaka ya ufalme inaruka 1, inaruka kila namba inayoishia na 6, na inayoishia na 0 isipokuwa 10. Nilieleweshwa mara nne ndipo nikashika.

Baada ya njaa serikali ikaanza kufungua shule. Vitabu? Vya Kibengali viko tayari vimechapwa, vya Kiodia ni vya kuhesabu kwa vidole. Ndipo hoja ikatoka: kwa nini tuhangaike? Msomi mkubwa wa Kolkata, Rajendralal Mitra, alikwenda Cuttack akasema watu wenyewe ni wachache mno kulisha vitabu vyao, wachukue Kibengali waendelee. Na mwaka 1870 mwalimu mmoja wa shule ya Balasore, Kanti Chandra Bhattacharya, akatoa kijitabu akieleza kwamba Kiodia si lugha inayojitegemea. Ni lahaja ya Kibengali.

Ndiyo hiyo @Kaptula ya Mkoloni. Swali lako.

#15 Kaptula ya Mkoloni

Mimi niliuliza tu jamani 😅

#16 Mgazija wa Kariakoo

Hapa naingia. Mimi baba ni wa Ngazidja. Tangu nakua naambiwa "Kingazija si lugha, ni Kiswahili kilichopinda". Anayesema hivyo mwekee bibi yangu amsimulie kisa dakika tano, ataomba mkalimani. Kwa hiyo nawaelewa hao Waodia vizuri sana.

#17 Mwalimu Mstaafu

Na Mombasa nao waulizeni. Mkutano wa lugha wa 1928 ulipochukua Kiunguja kuwa sanifu, Kimvita chenye tenzi na mashairi ya karne na karne kikageuka "lahaja" kwenye mitihani. Tofauti ni kwamba hapo tulikuwa ndani ya nyumba moja.

#18 Bint Likoni

Mwalimu usinitoneshe kidonda. Mwanangu alikatwa alama kwa kuandika "ndoo" badala ya "njoo".

#19 Mtoro wa Ubungo

Huyo mwalimu aliyekata ni ndugu na Kanti Chandra.

Sasa nani aliwajibu? Hapa historia ina mizaha. Mmojawapo alikuwa mkoloni mwenyewe, John Beames, mkuu wa wilaya ya Balasore, kichaa wa lugha. Alikuwa anaandika sarufi linganishi ya lugha za India, akasema Kiodia kilishatulia kuwa lugha kamili wakati Kibengali bado hakijajitenga. Kamishna Ravenshaw naye akasimamia shule zifundishe kwa Kiodia.

Lakini barua za wazungu peke yake hazijazi shule. Lazima vitabu. Fakir Mohan Senapati, yatima wa Balasore aliyelelewa na bibi yake, mtoto mgonjwamgonjwa aliyewahi kufanya kibarua bandarini, alifungua mtambo wa kuchapa mjini kwake mwaka 1868. Akaandika vitabu vya shule vya historia na hesabu, wenzake wakaandika vingine. Cuttack nako Gouri Shankar Ray alikuwa na gazeti, Utkal Deepika, lililoanza mwaka uleule wa njaa. Wao walielewa kwamba ugomvi hautaishia kwenye asili ya maneno, utaishia kwenye orodha ya vitabu vya darasa la tatu.

Huyohuyo Fakir Mohan uzeeni aliandika riwaya ambayo hadi leo ni fahari yao, kuanzia 1897 jaridani: bwana mla riba anavyowapora wafumaji wawili, mke na mume, kipande chao cha ardhi. Jina la riwaya ni ukubwa wa hicho kipande tu, mana 6 na guntha 8. Kama ekari 6 na theluthi. Lugha aliyotumia ni ile ya kisimani na ya barazani, ya umbea na kebehi, wasomi wa Kisanskriti hawakuizoea kuiona kwenye karatasi.

#20 Nyanda wa Mwanza

Kwa hiyo waliwashinda Wabengali?

#21 Mtoro wa Ubungo

Kwa shule za pwani, ndiyo. Lakini Waodia walikuwa wamekatwa vipande: wengine chini ya Bengal, wengine Madras, wengine Mikoa ya Kati. Kila kipande kina lugha yake ya ofisi. Sambalpur, magharibi, mwaka 1895 serikali ilitoa amri Kihindi kiwe lugha ya mahakama na shule badala ya Kiodia, ili jimbo zima liwe na lugha moja ya kiofisi. Kesi ya shamba lako inasomwa kwa lugha usiyoijua. Watu wakapiga kelele miaka mingi, Kiodia kikarudishwa, na mwaka 1905 Sambalpur ikahamishiwa upande wa Odisha.

Mwaka 1903 wakili Madhusudan Das, Modia wa kwanza kupata shahada, alikusanya watu Cuttack wakaanzisha Utkal Sammilani, umoja wa kudai wanaoongea Kiodia wawekwe pamoja. Ilichukua miaka 33. Tarehe 1 Aprili 1936 Odisha ikawa jimbo, la kwanza India kukatwa mipaka kwa kigezo cha lugha. Wilaya 6. Majimbo mengine ya lugha yalianza kuja miaka ya 1950, baada ya uhuru. Hiyo tarehe ni sikukuu yao, Utkala Dibasa, na wanachuo wenzangu walivumilia utani wa siku ya wajinga kila mwaka.

Kamusi yao kubwa nayo nisiisahau. Wakili mwingine, Gopal Chandra Praharaj, aliikusanya kwa miaka, ikatoka juzuu 7 kati ya 1931 na 1940, maneno kama 185,000, na maana zimetolewa pia kwa Kiingereza, Kihindi na Kibengali. Na Kibengali, wakuu. Mtu mstaarabu.

#22 Kasuku Mweupe

Mimi nilisikia wanagombania hata keki.

#23 Mtoro wa Ubungo

Rasagola 😂 Ni vitonge vya maziwa ya kugandishwa, vimechemshwa kwenye shira. Bengal ilipata hati ya asili yake 2017, Odisha ikapata hati ya rasagola ya kwao 2019. Wote wameshinda na wote wanaendelea kununa. Simba na Yanga kabisa.

Kwenye lugha vilevile. Tarehe 20 Februari 2014 serikali ya India iliipa Kiodia hadhi ya lugha ya kale, ya sita baada ya Kitamil, Kisanskriti, Kikannada, Kitelugu na Kimalayalam. Kibengali kilipewa Oktoba 2024. Miaka 10 na miezi nyuma ya "lahaja" yake. Jamaa yangu wa bwenini alinipigia simu usiku kunipa habari hiyo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayepongeza.

#24 Mgazija wa Kariakoo

Na wao hawana wa kwao wanaowaambia "nyie ni lahaja"?

#25 Mtoro wa Ubungo

Wewe umekwenda mbele ya uzi.

Wapo. Haohao wa Sambalpur. Mwaka 2011 watu zaidi ya milioni 2.6 walimwambia karani wa sensa kwamba lugha yao ni Kisambalpuri, sensa ikawajumlisha ndani ya Kiodia. Wengine wanaita Kikosli, wanadai itambuliwe peke yake. Mshairi wao Haldhar Nag, aliyeacha shule darasa la tatu, anaandika kwa lugha hiyo na mwaka 2016 alipewa nishani ya Padma Shri, akaenda kuipokea miguu mitupu na kitambaa chake cheupe. Ukimuuliza profesa wa Bhubaneswar kuhusu Kisambalpuri atakujibu kwa upole kwamba ni lahaja tamu sana ya Kiodia. Nilimuuliza mmoja. Nikamwangalia tu.

Na ndani ya Odisha kuna Wasantali, Wakui, Wasora, watoto wanaoanza darasa la kwanza kwa Kiodia ambacho mama hajui. Wasantali walijitengenezea herufi zao, Ol Chiki, mwaka 1925, kazi ya Raghunath Murmu wa Mayurbhanj, maana waliona herufi za majirani hazizibebi sauti zao. Hiyo inastahili uzi wake.

#26 Nyanda wa Mwanza

Tupe basi vya kuongea. Ngumu?

#27 Mtoro wa Ubungo

Kwa Mswahili nafuu kuliko Kihindi. Kihindi kila kitu kina uke na ume, kitanda mume, meza mke, utalia. Kiodia hakina. "Se" ni yeye, mwanamke au mwanamume. Na neno linaishia na irabu, hawamezi mwisho kama Wahindi: Jagannath wao hutamka "Jagannatha". Kitenzi kinakaa mwisho: "mu bhata khauchi", mimi wali ninakula.

Kazi iko kwenye pumzi. Kuna k na kuna kh, p na ph. Watu wa Mombasa hapa hawatapata shida, wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu.

Kazi ya pili ni heshima. "Tu" ni kwa mdogo au mtu wa karibu mno. "Tume" ni kwa rika. "Apana" ni kwa mkubwa na usiyemjua, na kitenzi kinabadilika navyo: tu kemiti achhu, tume kemiti achha, apana kemiti achhanti. Zote ni hujambo.

#28 Bint Likoni

Na yule mama wa nyanya, ulirudi?

#29 Mtoro wa Ubungo

Miezi mitatu baadaye. Nimejiandaa, nimefanya mazoezi na jamaa yangu. Nikamwita "mausi", mama mdogo, nikampa "apana" zote na vitenzi vyake, nikauliza nyanya kilo bei gani. Akawaita wenzake wa meza za jirani waje wasikie. Nikarudia mara tatu, kila mara wanapiga makofi. Mmoja akanisahihisha sauti ya kukunja ulimi, akanishika kidevu kabisa.

Bei haikushuka hata rupia moja.

#30 Mzalendo Asiyelala

Hapo kwenye bei ndio tumefanana nao.